Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Maana yake haina shida. Usufi ni mwepesi. Hata mtoto mdogo aweza kujitwika kanda lililojaa usufi akaenda nalo huku akiimba. Ndivyo uonekanavyo mzigo wowote machoni pa mtu asiyeubeba. Sisi tumelifundisha neno hili darasani mwaka hata mwaka. Tumewaandikisha watoto maana yake, tukawatia alama waliojibu vema. Walakini siku moja, tulipokuwa ugenini katika mji wa Dar es Salaam, tulitambua kuwa tumelifundisha kama mtu afundishaye kuogelea, naye hajapata kutia mguu majini. Basi leo twapenda kuwasimulia wasomaji habari za siku ile, kisha tulitazame pamoja swali moja ambalo halijatuacha tangu hapo: Je, bei waliyopatana watu wawili ni bei ya haki kwa sababu tu wamepatana?

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2023, shule zimefungwa. Sisi na rafiki yetu, mwalimu mwenzetu wa hesabu, tuliondoka kwetu katika milima ya Taita, nchi ya Kenya, tukashuka Mombasa, tukapanda basi, tukavuka mpaka penye Horohoro, tukapita Tanga, tukaingia Dar es Salaam usiku. Hatukuwa tumepata kukanyaga nchi ya Tanzania hata siku moja. Tulikuwa na haja mbili. Ya kwanza ni kuuona mji ule ambao tulikuwa tukiusoma vitabuni. Ya pili ni kununua vitenge 60 vya sare ya kwaya. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamechanga fedha zao kidogo kidogo muda wa mwaka mzima, wakatukabidhi, maana ilisemekana kuwa huko Kariakoo nguo ni rahisi kuliko kwetu.

Kwa kuwa tulikuwa wageni, tulitafuta kijana wa kutuongoza kutwa nzima. Tulimpata kijana mwenye adabu, viatu vyake vinang'aa, na kitambulisho chake kimening'inia shingoni. Alitupa karatasi iliyopigwa chapa, imeandikwa kila mahali tutakapokwenda na saa yake, na chini kabisa ujira wake: shilingi 80,000 za Tanzania kwa sisi wawili. Tukatoa fedha tukalipa, wala hatukusema neno. Msomaji na alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Saa mbili asubuhi tulianzia Kivukoni. Tuliona pantoni ikivusha watu na magari kwenda Kigamboni, na penye soko la samaki tuliona watu wakipandisha matenga kutoka majahazini, maji ya chumvi yakiwachuruzika shingoni. Tulitazama makanisa mawili makubwa yanayoelekea bandari, la Kilutheri la Azania Front na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, ambayo yote yalijengwa wakati wa utawala wa Wajerumani, yapata miaka 120 iliyopita. Kisha tukapanda juu kidogo hata tukafika penye Sanamu ya Askari, katika njia panda ya barabara ya Samora.

Hapo kiongozi wetu alikaa kwa muda mrefu, maana ndipo palipokuwa fahari ya safari yake. Alitueleza kuwa zamani mahali pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, sanamu ile iliondolewa, na mwaka 1927 ikasimamishwa hii ya askari Mwafrika, ya shaba, ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe yake imeelekea bandarini. Chini yake pana maandishi ya kuwakumbuka waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, herufi za Kiarabu na za Kirumi. Maandishi hayo hayawataji askari peke yao. Yawataja wapagazi pia, yakiwafananisha na miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yaahidi kuwa wana watalikumbuka jina la mtu aliyekufa kwa ajili ya nchi yake.

Rafiki yetu aliisoma ahadi ile mara mbili. Kisha akauliza, "Na mpagazi mwenyewe yuko wapi?" Maana kwetu Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, sanamu za vita hivyo hivyo ni za watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi asiye na bunduki. Kijana akacheka, akasema, "Walimu, mpagazi mtamwona Kariakoo."

Sisi hatukucheka, kwa sababu neno lile liligusa jambo la ukoo wetu. Baba wa babu yetu alikuwa na kaka yake, kijana aliyekuwa bado hajaoa. Mwaka 1917, Waingereza walipokuwa wakitafuta wapagazi kila kijiji, alichukuliwa yeye na wengine, wakapelekwa kusini. Hakurudi. Haikuja barua, haukuja mshahara, wala hapana aliyepata kusema alikufa wapi. Wazee walimwita mtoto aliyezaliwa baadaye kwa jina lake ili lisipotee, na leo baba yetu ndiye mwenye jina hilo. Basi tulipokuwa tumesimama pale tuliona moyoni kama uchungu, na pamoja nao kama majivuno kidogo, ya kwamba sisi tu wana tuliolikumbuka jina.

Na yafaa msomaji ajue ukubwa wa jambo lenyewe. Katika vita ile Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika ya Mashariki. Njia za magari zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Hivyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilisafiri kichwani pa mtu. Waliokufa hawakupungua 95,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliwaua kuhara damu, homa, vichomi, chakula wasichokizoea, na mvua zilizowanyeshea usiku bila blanketi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao kamwe.

Kikosi cha watu hao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waingereza walipokwisha kuingia Dar es Salaam waliwaweka wapagazi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekusudia kuwa soko la wenyeji, na jina lile la Kiingereza, lilipopita vinywani mwa watu, likawa Kariakoo. Kwetu Nairobi iko Kariokor, nayo ni neno lilo hilo. Hivyo askari alipewa sanamu ya shaba, na mpagazi akapewa jina la soko. Wala si jina la soko tu. Tulipokwisha kuvuka uwanja wa Mnazi Mmoja na kuingia katika mitaa ile, tulisoma vibao: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Haya ni majina ya mahali palipopiganwa mwaka 1917 katika nchi ya kusini, bara ya Kilwa na Lindi. Watu waenda huko kununua vitunguu na simu, wala hawakumbuki kuwa wakanyaga majina ya maiti.

Jengo kubwa la soko, lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa mchoro wa Mtanzania Beda Amuli, lilikuwa likitengenezwa upya, kwa kuwa liliungua moto Julai 2021. Lakini soko la kweli lilikuwa njiani. Mtaa wa Kongo ulijaa nguo, ndoo, viatu, taa, na watu wengi hata mtu hawezi kuanguka. Kiongozi wetu, ambaye penye sanamu alikuwa na maneno mengi, hapa alisema moja tu: "Shikeni mifuko yenu."

Tulinunua vitenge vyetu, tukafungiwa robota moja lililoshonwa kwa gunia, uzito wake yapata kilo 50. Nyumba tuliyofikia ilikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye mzigo. Mikokoteni haikuweza kupita kwa wingi wa watu. Basi akaja mzee mmoja, umri wake yapata miaka 55, kipande cha nguo amekizungusha kichwani kuwa ngata. Mtu kama huyo Mombasa twamwita hamali. Hapa humwita kuli. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, wanangu." Tukamwuliza bei. Akasema shilingi 8,000.

Rafiki yetu akasema 3,000. Mzee akashuka hata 6,000. Sisi tukatikisa kichwa, tukajifanya kama watu watakaokwenda zao. Mara akatokea kijana mwenye nguvu akasema, "Mimi nitachukua kwa elfu nne." Mzee akageuka upesi, akaweka mkono wake juu ya robota, akasema, "Nipeni mimi, wanangu. Hiyo hiyo elfu nne." Basi tukampa. Rafiki yetu akatugusa kwa kiwiko, nasi tukatabasamu, maana tuliona tumeshinda.

Tulimfuata nyuma mikono mitupu. Penye Mnazi Mmoja aliuegemeza mzigo ukutani bila kuutua, akasimama akihema, macho ameyafumba. Sisi tukatazama saa, kwa sababu karatasi yetu ilisema saa nane tuwe mahali pengine. Tulipofika mlangoni mzee alitua mzigo, nasi tukampa noti ya 5,000, tukangoja chenji. Alifungua pindo la nguo yake, akatafuta, akatoa noti ya 1,000 iliyokunjwa mara nyingi, akatupa kwa mikono miwili. Akasema, "Mungu awabariki," akaenda.

Ndipo tulipotaka kuliingiza robota chumbani. Rafiki yetu alilishika peke yake, halikusogea ila kidogo. Tukalishika wawili, yeye huku nasi huku, tukalipandisha ngazi tatu za mlangoni. Na tulipolitua mikono ilikuwa ikitetemeka. Tulitazamana wala hatukusema kitu. Hapo ndipo tulipoijua maana ya usufi.

Alasiri kiongozi wetu alitupeleka penye makaburi ya vita, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Mahali pale pamefagiwa vizuri, majani yamekatwa, mawe yamepangwa safu safu. Tulisoma jina baada ya jina. La mtu wa ukoo wetu halikuwamo, wala hatukutazamia liwemo. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri na kuomba radhi ya kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Taarifa ilieleza kuwa sababu yake ilikuwa ubaguzi wa watawala wa wakati ule, ambao hawakuwaona watu hao kuwa wastahili kila mmoja jiwe lake na jina lake. Tulipoikumbuka habari hiyo pale makaburini tulikasirika. Tukasema, "Tazama, walitumia shingo zao, na majina yao hawakuyataka!"

Tulikasirika kweli, wala hasira ile haikuwa ya uongo. Lakini noti ya 1,000 ilikuwa mfukoni mwetu.

Jioni tulikaa ufukoni Coco, bahari mbele yetu, tukala mihogo ya kukaanga na kunywa soda. Tulipolipa, hesabu ilikuwa shilingi 8,000. Rafiki yetu alitaja jumla ile kwa sauti, kisha akanyamaza, kwa maana ndiyo bei ya kwanza ya mzee. Tukamwuliza kiongozi wetu, "Wenyeji hulipa kiasi gani kwa mzigo kama ule?" Akajibu, "Elfu tano, walimu, au sita." Tukasema, "Mbona hukutuambia?" Akasema kwa upole, "Hamkuniuliza. Nami nilidhani walimu wanajua."

Hapo yakaanza mabishano yaliyotufikisha usiku, nasi twapenda kuyaeleza kwa haki, kwa kuwa rafiki yetu si mtu mbaya, na maneno yake yana uzito.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: mzee hakushikwa kwa nguvu. Wapagazi wa 1917 walichukuliwa na serikali. Huyu alikuja mwenyewe, akataja bei, akakubali bei. Tena yeye ndiye aliyeanza kukosa, maana alisikia lafudhi yetu ya kigeni akaongeza. Kupatana bei ni desturi ya soko. Atakayeiita dhambi na awaonye kwanza mama zetu wote, maana ndio waliotufundisha.

Tulikubali kuwa mzee alizidisha, na kuwa haikumpasa. Lakini kosa lake halikutupa sisi ruhusa ya kukosa. Yeye aliomba zaidi ya haki, nasi tukatoa pungufu ya haki. Tofauti ni kwamba lake halikutimia, na letu lilitimia. Tukakubali pia kuwa kupatana bei si dhambi. Watu wawili walio sawa wakipatana bei ya kitenge, wazungumza tu, na kila mmoja aweza kuondoka. Mwenye duka asipouza leo, kitenge chake kitalala rafuni, na kesho kitakuwapo. Lakini mpagazi auza nini? Auza nguvu ya siku ile. Nguvu ya leo haiwekwi ghalani. Jua likitua nayo haijanunuliwa, imepotea, wala kesho haitakuwa mara mbili. Mwenye duka aweza kungoja; mwenye njaa hawezi. Basi mapatano ya mtu awezaye kungoja na mtu asiyeweza si mapatano ya watu sawa, hata kama wote wawili wamesema ndiyo. Hatusemi kuwa njaa ni sawa na askari mwenye kamba. Twasema tu kuwa njaa nayo ni tarishi, na amri yake hutiiwa upesi. Mkono ule uliowekwa upesi juu ya robota haukuwa mkono wa mtu aliyeridhika.

Neno lake la pili: tukilipa zaidi ya wengine tutaharibu bei. Mama auzaye mboga, ambaye humhitaji mpagazi kila siku, atapata hasara kwa ajili ya ukarimu wa wageni wa siku moja. Hili ni neno la mwalimu wa hesabu, nalo si la kupuuza. Lakini tulimjibu kuwa hatukuulizwa kulipa zaidi ya wenyeji. Tulilipa chini yao. Aliyeshusha bei pale si mzee, wala si mama wa mboga. Ni sisi, kwa kumtumia kijana mwenye nguvu kama fimbo ya kumchapia mzee. Na yule kijana naye hatukumfanyia wema, kwa kuwa siku yake ya uzee yaja, na bei tuliyoishusha itamngoja hapo.

Neno lake la tatu ndilo lililotutia shida. Alisema, "Ndugu yangu, fedha zile si zetu. Ni za akina mama waliouza mayai na mchicha. Mtu aweza kuwa mkarimu kwa fedha yake. Kwa fedha ya amana yampasa awe mwangalifu." Tulikaa kimya kwa muda, maana ni kweli. Mtunza amana atoaye sadaka kwa mfuko wa mwingine ajipatia sifa asizozilipia. Lakini mwisho tuliona mambo mawili. Kwanza, haki si sadaka. Ujira wa mpagazi ni sehemu ya bei ya vitenge, kama vile ilivyo nauli, na hapana amana ituagizayo kuiba nauli. Pili, kama tuliogopa kugusa fedha ya akina mama, mifuko yetu wenyewe ilikuwapo. Tuliifungua kwa soda.

Kisha tukakumbuka karatasi ya kiongozi wetu. Kwake tulilipa 80,000 bila kusema neno, na kwa mzee tulipigania 4,000. Kwa nini? Tulitafuta sababu njema, hatukuipata. Ni kwamba bei ya kijana ilikuwa imepigwa chapa, na ya mzee ilikuwa imesemwa kwa kinywa. Kijana alikuwa na viatu na kitambulisho, mzee alikuwa na ngata. Sisi watu tuliosoma twaiheshimu karatasi kuliko shingo ya mtu. Mdomo ulimpa mzee shikamoo, kwa maana shikamoo haina gharama. Na mkono ukamwondolea alichostahili. Wazee wetu walisema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Sisi tulimwamkia kama baba, tukamlipa kama punda.

Wasomaji wengi wamesikia jina la Frank Weston, Askofu wa Unguja. Mwaka 1916 alikiongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Unguja, akaenda nao kwa miguu bara. Hakuwa mtu wa kuipinga vita ile. Lakini mwaka 1920 aliandika kijitabu kuikemea serikali ya nchi yake kwa ajili ya kazi za kulazimishwa katika Kenya. Hatudai kuwa mtu hawezi kujua haki mpaka abebe mzigo, wala hatujui yaliyokuwa moyoni mwake. Twaona tu kuwa aliyetembea kando ya mzigo siku nyingi hauiti usufi tena. Sisi tulitembea kando yake nusu saa, macho yetu yakiwa kwenye saa ya mkononi. Hata hivyo tulijiona wenye haki ya kuwakasirikia wakubwa wa zamani. Bwana wetu aliwakemea watu waliopamba makaburi ya manabii, huku mioyo yao ikiwa ile ile ya waliowaua. Si vigumu kumheshimu mpagazi aliyekwisha kufa. Haombi kitu, wala hana jasho, na machozi tumliliayo hayapunguzi mfuko. Mpagazi aliye hai ndiye mtihani wetu.

Asubuhi yake, kabla ya basi kuondoka, tulirudi mtaa wa Kongo, shilingi 4,000 mkononi. Wapagazi walikuwa wamekaa penye kivuli, wakingoja. Tukasema twamtafuta mzee aliyetuchukulia mzigo jana. Mmoja wao akauliza, "Jina lake nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekwenda naye nusu saa, tumemwamkia, tumebishana naye, tumepokea baraka yake. Jina lake hatukumwuliza. Tukaanza kueleza sura yake na nguo yake ya ngata, nao wakatazamana, kwa maana walikuwamo wengi wa namna hiyo. Tukangoja kidogo. Hakuja. Nasi ndio tuliokasirika makaburini kwa ajili ya watu waliotumiwa pasipo kuandikwa majina.

Tulipofika nyumbani tuliwapa akina mama vitenge vyao, wakapiga vigelegele. Tukawaeleza hesabu yote, na habari ya mzee tukaieleza pia, maana ilitupasa. Hawakutusifu kwa kuwawekea akiba. Mama mmoja, ambaye hubeba kuni kila juma tangu ujana wake, alijishika nyuma ya shingo akasema, "Mwalimu, ungalimpa sita. Akina sisi twajua panapouma."

Basi, ndugu wasomaji, jibu letu kwa lile swali ni hili. Mapatano ni mwanzo wa haki, si mwisho wake. Mtu amekubali, vema; lakini yatupasa kuuliza, Je, angaliweza kukataa? Na swali hili si la Kariakoo tu. Katika vijiji vyetu wapo watu tunaowaita kulima siku moja, kuchota maji, kupasua kuni, kupandisha mahindi mlimani. Na mara nyingi twatafuta aliye na shida zaidi, si ili tumsaidie, bali kwa sababu ndiye atakayekubali kidogo.

Sisi tumejiwekea kanuni tatu, nasi twazitaja kwa kuwa ni rahisi kwa kila mtu. Ya kwanza, kabla ya kutaja bei, uinue mzigo kwa mikono yako mwenyewe, hata kama ni kwa dakika moja. Ya pili, waulize wenye kujua ujira wa kazi ile, kama uulizavyo bei ya ng'ombe; na ukiisha kuujua, usishuke chini yake kwa sababu umemwona mtu ana njaa. Ya tatu, mwulize jina lake. Hiyo haina gharama kabisa, nayo ndiyo tuliyoisahau. Wala kanuni hizi hazirudishi kilichopotea: noti ile ya 1,000 tunayo hata leo ndani ya kitabu cha mahudhurio, kwa maana hatujui jina la kumpelekea.